Kituo, nyumba ya mpito au chumba cha kupanga: kuchagua njia ya kumpa makazi mtu anayelala mtaani Nairobi

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Idadi hiyo ni ya mji mdogo mzima: wazee, vijana wa gundi, akina mama wenye watoto mgongoni, na watu waliozaliwa mtaani wakazaa humo humo. Kila mara kuna kanisa, kamati ya zaka, chama cha marafiki au shirika dogo linalochanga fedha na kuuliza lianzie wapi. Jibu la kwanza huwa ploti na vitanda vya ghorofa, kwa sababu kitanda kinaonekana kwenye picha na mfadhili anaweza kukihesabu. Tunawaomba msimame kidogo kabla ya kuvinunua vitanda hivyo.

Njia kubwa ni nne: kituo cha kulala, nyumba ya mpito, chumba cha kupanga kinachotolewa mapema pamoja na mhudumu wa kufuatilia, na kumrudisha mtu kwa jamaa zake. Ya tano, kujenga jengo lenu wenyewe, tutaigusa kwa ufupi. Msimamo wetu ni huu: kwa mtu mzima, na kwa mama mwenye watoto, anzeni na chumba. Njia nyingine zina kazi zake, lakini ni kazi finyu kuliko inavyodhaniwa.

| | Kituo cha kulala | Nyumba ya mpito | Chumba cha kupanga | Kurudi kwa jamaa |
|---|---|---|---|---|
| Anayeshika ufunguo | Mlinzi | Ofisi | Mpangaji mwenyewe | Mwenye boma |
| Sharti la kuingia | Kufika kabla lango halijafungwa | Kuacha ulevi, kufuata ratiba | Kukubali kutembelewa | Jamaa kukubali, na mtu mwenyewe kutaka |
| Inapofaa | Usiku wa dharura | Anayeomba mwenyewe kuishi na wenzake | Watu wazima wengi, mama na watoto | Mtoto aliye peke yake, mzee mwenye kwao |
| Inapovunjikia | Usiku unakuwa miaka | Mtu akiteleza anafukuzwa | Ruzuku inakatika ghafla | Aliyemfukuza bado yupo |

Kituo cha kulala

Kituo kinaokoa usiku. Mvua za Aprili, mama aliyejifungua juzi, msichana anayekimbia kipigo, mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali ya Mathari jioni bila pa kwenda: hawa wanahitaji paa leo, na hakuna chumba kinachopangwa kwa saa mbili. Kwa hiyo vitanda vichache vya dharura vina maana, hasa vikiwa na kikomo cha siku kinachoeleweka na mtu ambaye kazi yake ni kutafuta mahali pa kuhamia.

Kosa ni kukigeuza kituo kuwa mahali pa kuishi. Watu 40 wakilala katika ukumbi mmoja, kifua kikuu kinapata njia rahisi, viatu vinaibwa, na anayekohoa usiku kucha anawanyima usingizi wenzake wote. Lango likifungwa saa moja jioni, limemfungia nje anayeshusha mizigo Marikiti, maana malori ya mboga huingia usiku na kazi ni kabla ya alfajiri. Kituo kikifungwa mchana, mtu anazunguka na bunda lake begani na hawezi kwenda kutafuta kibarua. Mume analazwa upande huu, mke upande ule, na kijana wa miaka 14 anatenganishwa na mama yake. Wengi hukataa kuingia kwa sababu hizi hizi, kisha husemwa kwamba wameuzoea mtaa.

Helsinki ilikuwa na mabweni ya aina hiyo. Ufini ilipoanza mpango wake wa kitaifa wa kupunguza ukosefu wa makazi mwaka 2008, mji huo ulikuwa na vitanda 558 vya mabweni na hosteli. Kufikia 2016 vilibaki 52, kwa sababu majengo mengi yaligeuzwa kuwa nyumba ndogo ndogo, kila moja na mlango wake, jiko lake na mkataba wa jina la mpangaji. Vichache vilivyobaki vilikuwa vya dharura, na hapo ndipo kituo kinapofaa.

Nyumba ya mpito

Hapa mtu anapanda ngazi. Anaingia baada ya kuacha gundi, pombe au heroini, anaishi na wenzake sita au kumi, anahudhuria mafunzo, na baada ya miezi sita, mwaka au miwili anatarajiwa kutoka akiwa amejiweza. Mantiki yake inavutia na wafadhili wanaielewa haraka. Udhaifu wake uko kwenye ngazi yenyewe. Kuteleza ni sehemu ya kupona ulevi, na nyumba yenye sharti la kutoteleza inamfukuza mtu siku ile ile anayohitaji paa zaidi. Udhaifu wa pili uko mlangoni pa kutokea: muhula ukiisha, kodi ya nje bado ni ile ile, dipoziti bado haijapatikana, na mtu anarudi alikotoka akiwa na cheti cha useremala mfukoni.

Marekani waliipima njia hii dhidi ya nyingine kwa familia 2,282 zilizokuwa kwenye makazi ya dharura, katika maeneo 12, zikigawanywa kwa bahati nasibu. Familia zilizopewa ruzuku ya kodi ya muda mrefu ndizo zilizopata nafuu kubwa zaidi: kukosa makazi kulipungua kwa zaidi ya nusu, na watoto waliotenganishwa na wazazi wao walipungua pia. Nyumba ya mpito haikufikia hapo. Kwa mwezi mmoja, familia iligharimu takriban dola 4,800 kwenye makazi ya dharura, 2,700 kwenye nyumba ya mpito, na chini ya 1,200 kwa ruzuku ya kodi. Ruzuku fupi ya miezi michache ilikuwa rahisi kuliko zote, takriban dola 880, lakini haikuzuia watu kukosa makazi tena zaidi ya huduma za kawaida zilivyozuia. Kumbukeni hilo la mwisho, tutalirudia.

Nyumba ya mpito tungeichagua kwa watu wa aina mbili tu: kijana wa miaka 18 hadi 20 anayetoka kwenye makao ya watoto bila kuwahi kupika wala kulipa bili, na mtu aliyetoka kwenye matibabu ya ulevi ambaye anasema kwa kinywa chake kwamba anaogopa kuishi peke yake.

Chumba cha kupanga

Utaratibu huu ulianza New York mwaka 1992, Sam Tsemberis alipoanzisha Pathways to Housing kwa ajili ya watu wenye maradhi ya akili waliokuwa wakilala nje. Badala ya kuwataka wapone ndipo wapewe nyumba, aliwapa nyumba na matibabu yakawafuata humo wakiyataka. Kanada waliupima kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano, kwa watu zaidi ya 2,000. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa nyumba kwanza walikuwa ndani muda wote. Kwa walioachiwa huduma za kawaida ilikuwa asilimia 31. Ulevi haukuongezeka kwa sababu ya kupewa nyumba bila sharti.

Utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba gharama hairudi yote. Ilirudi, tena mara mbili na zaidi, kwa sehemu ya kumi ya watu waliokuwa wakitumia sana hospitali na magereza. Kwa wengine wengi ilirudi sehemu tu. Msimwambie mfadhili kwamba chumba kinajilipa. Mwambieni kinamtoa mtu nje, na kwamba fedha inahitajika mwaka wa pili.

Kuna pengo jingine la kukubali. Mpangaji wa ruzuku Marekani hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake na serikali humalizia, mwaka hadi mwaka. Nairobi hakuna kitu hicho. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imetaja nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi, na ni vizuri kumsajili mpangaji wenu akishapata kitambulisho, lakini msipange bajeti kwa kuitegemea. Ruzuku ni ninyi.

Hesabu

Bei zifuatazo ni za mfano, wekeni zenu. Chumba kimoja cha Sh4,500 kwa mwezi: kodi ya mwaka 54,000, dipoziti 4,500, vifaa 10,000, maji na stima 9,600, nauli na simu za mhudumu 6,000, akiba ya uharibifu na kuhama 8,000. Mhudumu mmoja wa Sh40,000 kwa mwezi akiwa na watu 12, kila mtu anabeba 40,000 kwa mwaka. Jumla ni Sh132,100, yaani kama Sh11,000 kwa mwezi.

Bweni la vitanda 40: nyumba 120,000 kwa mwezi, walinzi wawili 40,000, wapishi wawili 40,000, wasimamizi wawili wa usiku 60,000, mhudumu mmoja 40,000, maji, stima, sabuni na kuni 45,000. Ni Sh345,000 bila chakula, au 8,625 kwa kila kitanda. Inaonekana nafuu. Sasa liwekeeni bweni wahudumu kwa uwiano ule ule wa mmoja kwa 12, na kitanda kinafika 10,958. Vitanda 10 vikikaa wazi, kinafika 13,500, kwa sababu mlinzi na kodi ya jumba havipungui. Bweni linaokoa fedha kwa kumnyima mtu ufuatiliaji, na ufuatiliaji ndio unaomfanya mtu abaki ndani.

Chakula tumekiacha pande zote mbili ili kulinganisha kuwe sawa. Mpangaji mpya atahitaji unga, mafuta, maharagwe na sabuni kwa wiki nane za mwanzo, maana pesa yake ya kila siku ilizoea kula vibandani.

Kitambulisho kabla ya chumba, au sambamba nacho

Bila kitambulisho hakuna laini ya simu ya jina lako, bila laini hakuna M-Pesa, na kodi siku hizi hulipwa kwa M-Pesa. Usajili wa bima ya afya ya SHA nao unaanzia hapo. Aliyepoteza kitambulisho anaomba kingine badala yake. Asiyewahi kuwa nacho ana kazi ndefu zaidi: huulizwa cheti cha kuzaliwa au ushahidi mwingine wa umri, nakala ya kitambulisho cha mzazi na uthibitisho wa chifu. Aliyezaliwa mtaani, mama yake naye hana karatasi, anakwama hapo. Mpelekeni kwa chifu wa eneo analolala sasa, mkiwa na barua yenu na mtu mzima anayemjua tangu utotoni. Msimwache aende peke yake. Akirudishwa mara mbili hatarudi mara ya tatu.

Msisubiri kadi itoke ndipo mpange chumba. Andikeni mkataba wa pande tatu, shirika likiwa mdhamini, na kadi ikitoka mkataba uandikwe upya kwa jina la mpangaji. Mashirika mengine hupanga vyumba kwa jina lao moja kwa moja kwa sababu mwenye nyumba hukubali haraka. Fanyeni hivyo mkilazimika, lakini kwa muda. Mtu anayeishi kwenye chumba cha shirika ni mgeni, na siku shirika likifunga milango anafungiwa pamoja nalo.

Kuchagua chumba

Chumba cha bei rahisi mbali na riziki ni hasara. Anayeokota chuma na plastiki karibu na Dandora, au anayebeba mizigo Gikomba, akipelekwa Kitengela atarudi kulala kwenye kibaraza kwa sababu nauli imekula kipato. Anayekunywa methadone, dawa inayotolewa badala ya heroini, kila siku Ngara au Mathari awe umbali wa kutembea, maana dozi hutolewa mbele ya muuguzi na kuikosa siku kadhaa kunamrudisha kwenye heroini. Umbali mzuri kutoka kwenye beisi yake ya zamani, yaani kundi lake la mtaani na mahali linapolala, ni matatu moja: asikatwe na watu wake, wala wasiweze kupita kila jioni.

Kagueni jengo. Jengo la ghorofa lililoporomoka Huruma usiku wa 29 Aprili 2016 liliua makumi ya wapangaji wa vyumba vya aina hii hii. Nyufa zinazokatiza nguzo, kuta zinazotoa maji na ghorofa zinazoendelea kuongezwa juu ya wapangaji ni sababu ya kuondoka bila kujadili bei. Msipange ndani ya mita 30 za mto: baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliamuru watu wahame ukanda huo na nyumba nyingi za Mathare zikabomolewa. Ulizeni maji hutoka siku gani, choo ni cha wapangaji wangapi, na stima ni ya tokeni ya chumba au ya kugawana. Mzee na mlemavu wapewe chumba cha chini hata kama kinazidi kwa mia tano.

Jueni pia sheria ya kodi. Chumba cha Sh2,500 au chini kwa mwezi kinaingia kwenye sheria ya kudhibiti kodi na baraza lake maalumu, na mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kienyeji. Juu ya hapo mnategemea mkataba wenu, kwa hiyo uandikwe vizuri: notisi ya mwezi mmoja, kodi haipandi kabla ya mwaka, dipoziti inarudi kwa nani.

Kwa mwenye nyumba semeni ukweli. Msimfiche mpangaji alikotoka, kwani ploti nzima itajua ndani ya wiki. Mwambieni: “Mama, kodi itaingia kabla ya tarehe tano kila mwezi, na kukiwa na tatizo lolote piga namba hii, tutakuja leo leo.” Ahadi hiyo ya pili ndiyo inayomshawishi. Mkishindwa kuitimiza mara moja, mmepoteza chumba hicho na vingine vya jirani zake. Msimamizi wa ploti naye awe na namba hiyo hiyo. Yeye ndiye anayesikia kelele kwanza.

Siku 30 za mwanzo

Wapeni vifaa kwa awamu mbili. Siku ya kuingia: godoro la futi tatu kwa sita, blanketi mbili, sufuria mbili, jiko la makaa la kutumia nje mlango ukiwa wazi, mtungi wa maji wa lita 20, ndoo, kufuli jipya na funguo zake zote. Meko ya gesi na kitu chochote chenye bei sokoni visubiri mwezi wa pili. Mtungi wa gesi unauzika dakika tano, na mtu mwenye njaa au mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa za kulevya, akiuuza hajathibitisha kwamba hafai nyumba. Mlimpa mapema mno. Jiko la makaa lisilale ndani limewaka. Hewa yake huua watu usingizini katika vyumba visivyo na dirisha, na jambo hili lisemwe siku ya kwanza, lirudiwe ya pili.

Wengi hawalali ndani usiku wa kwanza. Wengine hulala sakafuni karibu na mlango, au huenda beisi usiku na kurudi mchana. Ukimya wa chumba unamtisha mtu aliyelala miaka kumi katikati ya wenzake. Msichukue ufunguo. Pangeni kumtembelea mara nne wiki ya kwanza, tatu ya pili, mbili kwa wiki zinazofuata, na baadhi ya safari hizo ziwe jioni, kwa sababu shida za chumba huanza giza likiingia. Mkae, mpike pamoja, mwende naye dukani, mumtambulishe kwa jirani wa kushoto na wa kulia.

Uwiano wa mhudumu mmoja kwa watu 10 ni wa wenye maradhi makali ya akili. Kwa wengine unaweza kufika 15 hadi 20. Tumeweka 12 kwa sababu Nairobi mhudumu hutumia nusu ya siku kwenye foleni za hospitali na ofisi za usajili. Kila mpangaji ajulikane na wahudumu wawili. Mmoja akiacha kazi, na huacha, asiondoke na imani yote.

Yanayovunjika, na sababu zake

Beisi kuhamia ndani ndilo tatizo la kwanza kwa wingi. Leo wageni wawili, kesho watano, wiki ya tatu kuna ugomvi na mwenye nyumba anataka chumba chake. Msilione kama utovu wa nidhamu. Wale ndio waliomlinda, waliomgawia mkate na kumpeleka hospitali alipochomwa kisu, na kuwafungia mlango ni kuwakana ndugu. Kinachosaidia ni kukubaliana kabla ya kuingia: wageni wangapi, siku zipi, na nani anasema hapana kwa niaba yake akishindwa. Wengi hufurahi mhudumu akiwa ndiye mkali. Kinachosaidia zaidi ni kuwapangia marafiki wawili au watatu vyumba tofauti katika mtaa mmoja.

La pili ni ruzuku kukatika kwa kalenda. Shirika linaahidi miezi sita, mwezi wa saba mtu anadaiwa Sh4,500 kwa mkupuo, na hajawahi kushika kiasi hicho siku moja. Kipato chake ni cha siku, basi mchango wake uwe wa siku: Sh50 kwa M-Pesa kila jioni ni Sh1,500 kwa mwezi, theluthi ya kodi. Anzeni hapo mwezi wa nne, mwongeze kipato kikiongezeka, na msishushe ruzuku kwa sababu tu mwaka wa mradi umeisha. Kodi yote ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba na risiti apewe mpangaji aitunze.

Wapo ambao hawatajitegemea kamwe: mzee asiye na mtu, mwenye skizofrenia asiyeweza kazi. Wahesabuni kama wapangaji wa kudumu tangu siku ya kwanza. Kuwaweka kwenye mpango wa kuhitimu ni kuwaandalia kufukuzwa.

La tatu ni polisi na askari wa jiji. Mpangaji wenu bado atakamatwa kwenye misako kwa sababu ya sura na nguo zake. Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 182, bado ina makosa ya uzururaji, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilitoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kila mpangaji atembee na nakala ya mkataba na namba ya mhudumu. Akipotea siku mbili, ulizeni vituo vya polisi na wodi za dharura kabla ya kudhani ametoroka, na kodi iendelee kulipwa angalau siku 60 akiwa rumande au hospitalini. Kumpotezea mtu chumba kwa sababu alilazwa ni kumtibu ili arudi kulala kwenye mtaro.

Kurudi kwa jamaa

Kwa mtoto aliye peke yake, mazungumzo ya chumba cha kupanga hayapo. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaka aingie mikononi mwa ofisa wa watoto, na kumweka kwenye makao kunahitaji amri ya mahakama. Usajili wa makao mapya ya watoto ulisimamishwa mwaka 2017, na mwelekeo wa kitaifa sasa ni kuwarudisha watoto kwenye familia. Namba 116 hupigwa bure. Mtoto aliye na mama yake apewe chumba pamoja naye. Asitenganishwe naye kwa sababu ya umaskini.

Kurudisha kunashindwa kunapofanywa kwa basi la jioni na sare mpya. Baba wa kambo aliyempiga bado yupo, au shamba lililogombaniwa halijagawanywa, na mtoto anarudi mjini kabla ya mwezi kuisha. Nendeni kwanza bila mtoto, mkamwone chifu na jirani, mjue kilichomtoa. Mtafute mtu mmoja ndani ya ukoo anayemtaka kwa dhati, mara nyingi ni nyanya au shangazi. Mtoto akalale huko usiku mmoja kisha mumuulize mkiwa peke yenu. Akihamia, mtembeleeni baada ya wiki moja, ya pili, ya nne, kisha miezi mitatu na sita, na mchango wa nyumba ile uwe wa watoto wote, asije akaonekana yeye ndiye mfadhiliwa na wenzake wakamchukia.

Kwa mtu mzima, uamuzi ni wake. Kumpakia kwenye gari kumpeleka “kwao” bila kumuuliza hakumpi makazi.

Kujenga jengo lenu

Jengo moja lenye wahudumu saa 24 linafaa wagonjwa wanaohitaji mtu karibu usiku na mchana. Kwa wengine linachelewa na linabandika jina: mtaa utaliita nyumba ya machokoraa kabla rangi haijakauka, na kila anayetoka humo atabeba jina hilo hadi kwenye usaili wa kazi. Los Angeles waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.2 mwaka 2016 kwa ajili ya kujenga, na gharama ya baadhi ya nyumba ilipita dola 600,000 kwa moja huku watu wakisubiri nje kwa miaka. Mkipewa ardhi bure, fikirini. Msipopewa, pangeni.

Fedha zikiwa kidogo

Watu 12 kwa mwaka mmoja, kwa bei za mfano wetu, ni Sh1,585,200. Kiasi hicho hicho kinaweza kuwabeba watu sita kwa miaka miwili: mwaka wa kwanza 132,100 kila mmoja, wa pili 117,600 kwa kuwa dipoziti na vifaa havirudiwi, mhudumu akiwa wa nusu muda. Jumla ni 1,498,200, na Sh87,000 zinabaki. Ripoti yenye watu 12 inapendeza zaidi, lakini mwezi wa kumi na tatu hao 12 wanakabiliwa na kodi kamili wote kwa pamoja. Sisi tungewachukua sita, tukiwachagua kwa miaka waliyokaa nje, ugonjwa, ujauzito na umri, bila kuangalia nani ana adabu zaidi. Wakilingana, kura ipigwe mbele yao. Zile 87,000 zisiguswe hadi mpangaji wa kwanza atakapohitaji kuhamishwa chumba, na mara nyingi hilo hutokea kabla ya mwezi wa nne.